Kufuli za Mfereji wa Kalimoni

Ukitaka kumuudhi mama yangu, mwambie umechota maji kabla hajaamka. Hatakugombeza. Atakuangalia tu aseme "Sawa," na hiyo sawa utatembea nayo wiki nzima.

Kwetu Kalimoni, familia za mtaa wetu zilichanga zikachimba kisima. Pampu inapandisha maji hadi kwenye tangi, na kutoka hapo yanashuka kwa mfereji, yaani bomba moja la kuchotea, ulio ndani ya kibanda cha mabati, kando ya barabara. Mlango wa kibanda ulifungwa kwa mnyororo na kufuli moja ya shaba. Ufunguo ulikaa kwa mama, kwanza kwa sababu nyumba yake ndiyo ya karibu, na pili kwa sababu siku ile mwenyekiti alipouliza nani ataushika, mama aliinua mkono swali likiwa bado katikati.

Basi kila asubuhi watu walipitia kwake. Huendi mferejini moja kwa moja kama mtu asiyelelewa. Uliingia langoni, ukaweka mtungi chini, ukasalimia, ukaulizwa kama mtoto ameacha kukohoa na kama yule fundi hatimaye amerudisha mlango wenu, ndipo ufunguo ukatoka kwenye mfuko wa aproni. Kama mama alikuwa anakunywa chai, ulingoja chai iishe. Kama alikuwa na habari, ulingoja habari iishe, na za mama hazina haraka. Kuna walionung'unika, sikatai. Lakini wengi walikaa, na mara nyingi nimewakuta watu wamesahau kabisa kilichowaleta, mitungi yao imelala kwenye nyasi.

Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita, na sisi watoto tumetawanyika kila mtu na mambo yake. Mimi ndiye niliye karibu, na karibu yangu ni Ruiru, naonekana wikendi. Kwa hivyo watu wa mitungi ndio waliokuwa wakijaza ile nyumba. Mama hakuficha. Aliniambia siku moja akichambua maharagwe, "Hawa watu wakininyang'anya huu ufunguo, mimi nitabaki nikiongea na kuku." Nikacheka. Yeye hakucheka, aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

Mimi nami napata riziki kwa kulinganisha vitu ambavyo mama haamini vipo. Niko katika ofisi ndogo ya programu za kompyuta hapo Ruiru, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo ukianza tu kufikiri vizuri mtu anashusha mabati. Wakati huo bosi alikuwa amenipa kazi ya kulinganisha mitandao ya blockchain. Kwa asiyeijua, hiyo ni kumbukumbu ya nani amempa nani nini, ila haikai kwa mtu mmoja wala kwa benki moja. Nakala zake ziko kwenye mashine nyingi za watu wasiojuana, na jambo jipya haliingii mpaka mashine hizo zikubaliane. Kuna mteja aliyetaka kuitumia kwa vikundi vya maji kama chetu: mwanachama anabonyeza simu, kufuli ya kielektroniki inajifungua, na habari ya nani amechota inabaki mahali ambapo hakuna mwekahazina anayeweza kuichezea.

"Nataka vitu viwili tu," bosi aliniambia. Ni mdogo kwangu kwa umri, na hunisalimia "niaje" hata mbele ya wateja. "Mtandao ubebe watu kibao bila kuchoka, na usiwe mkononi mwa mtu mmoja. Niletee ule unashinda kwa zote mbili."

Mtandao kama huo ungekuwepo, ningemletea siku hiyo hiyo nikaenda zangu nyumbani. Tatizo ni kwamba hayo mambo mawili yanavutana, na kila anayekuuzia mtandao anakuonyesha upande mmoja wa kamba.

Upo mtandao wa kasi ya ajabu. Unabonyeza, na kazi imekwisha kabla hujainua kidole. Kasi hiyo inatokana na mashine kubwa za bei ghali zilizofungiwa kwenye majumba yenye hewa baridi, na wanaoweza kuzimiliki si wengi. Uliwahi kusimama wote kwa mpigo, ukabaki umesimama mpaka wahandisi wake walipokubaliana jinsi ya kuuwasha. Upo mwingine, mzee wao wote, ambao hata mtu wa kawaida anaweza kuweka nakala yake sebuleni. Kwa ajili hiyo umesambaa dunia nzima na hakuna wa kuuzima. Lakini unaiva kwa mwendo wa githeri ya mahindi makavu na maharagwe, na siku watu wakijaa unasubiri zaidi. Halafu kuna wale waliojaribu ujanja: kazi inafanywa pembeni harakaharaka, kisha muhtasari peke yake unapelekwa kwa mtandao mkubwa uliotulia. Hao walinifurahisha sana, mpaka nikauliza ni nani anayepanga foleni huko pembeni. Mara nyingi ni mashine moja, ya kampuni moja.

Mimi siamini maneno ya watu wa mauzo, kwa hivyo niliamua kujaribu mwenyewe. Niliweka nakala ya ule mtandao mzee kwenye kompyuta yangu ya nyumbani. Ilichukua siku kadhaa kuvuta historia yote, feni ikivuma kama posho mill, jirani wa chini akiniuliza kama nimeanza kusaga unga. Karibu imalize, stima ikapotea mtaa mzima. Nilitukana, na si kidogo. Lakini stima iliporudi kompyuta iliendelea pale ilipoachia, na duniani kote hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba mimi nilikuwa nimezima. Nilikaa nikaitazama ile skrini kwa heshima. Kwenye ripoti nikaandika kwamba kuhesabu mashine hakutoshi, lazima tuulize ni nani akilala wote tunakwama.

Nilijiona nimesema jambo kubwa, na bado nilikuwa nalifikiria nilipopanda gari kwenda Thika na mama kwa harusi ya binamu yangu.

Ilikuwa Jumamosi. Tulipotoka kanisani tulishuka kupigwa picha karibu na maporomoko ya Chania, bibi harusi akiinua shela lisilowe, mama akiwa na suti yake ya zambarau akipanga watu, wewe mrefu nyuma, wewe funga koti. Simu yake alikuwa ameizima kabla ya ibada na hakuikumbuka tena. Ilipofika wakati wa keki alifungua mkoba kutafuta kitambaa, na hapo nikauona ufunguo wa mfereji umelala kando ya Biblia yake ndogo.

Tukaangaliana. "Watu walichota jana," akasema, akala keki yake.

Pengine walichota. Lakini jirani yetu tunayepakana naye alikuwa na wageni siku hiyo, tena wageni wenyewe walikuwa wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yake. Huyu jirani ni mwanamke wa rika la mama, na sauti yake haihitaji simu. Yeye na mama walikosana zamani kwa ajili ya ua wa mpakani, nani alipanda upande wa nani, na tangu siku hiyo walikuwa wakisalimiana kama watu wa ofisi. Siku ya wageni alibisha lango letu mpaka kuku wakaruka ua. Tuliporudi jioni tulimkuta hapo nje, amekalia mtungi wake mtupu, bado amevaa gauni la sherehe.

"Wageni wangu wamenawa mikono na soda," alimwambia mama. "Ya machungwa."

Mimi nilitamani kucheka na kujificha kwa wakati mmoja, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka makanisani, mkutano ukaitwa pale kwenye kibanda. Jirani alisema hana ubaya na mtu, ila maji ya mtaa mzima yamewekwa kwenye aproni ya mtu mmoja, na yeye amechoka kuwa na kiu kwa ratiba ya mwenzake. Mpangaji mmoja, baba mpole aliyetoka upande wa magharibi na anayefanya kazi kiwandani Thika, akasema yeye hutoka shifti asubuhi mama akiwa ameshaenda ushirika wa kanisani, na kuna siku hulala bila kuoga. Alimwomba mama radhi kabla ya kusema na akamwomba tena baada ya kusema. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye wa kompyuta.

Nilijua bosi wangu angependa niseme nini. Alikuwa ameshaanza kuota Kalimoni iwe mahali pa kwanza pa ile kufuli ya kielektroniki. Lakini mimi nazijua stima za Kalimoni, na najua unavyolazimika kupanda juu ya jiwe fulani ili simu ishike. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Nikawaeleza vile ningeeleza ofisini. Ufunguo ukiwa mmoja, nikasema, mambo yanaenda haraka na hakuna mabishano, ila mwenye ufunguo akienda harusini tunanawa na soda. Jirani akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Mkiweka kufuli tatu zinazotaka watu watatu wafike ndipo mlango ufunguke, hakuna atakayedanganya, lakini chai ya asubuhi mtainywa saa sita mchana. Na kuna njia nyingine ambayo nimeiona kwenye lango la nyuma la shamba moja la kahawa Ruiru, ninapotembea jioni. Kila mwenye haki ya kupita ana kufuli yake, na hizo kufuli zimeshikana, ya huyu imepitishwa ndani ya ya yule, mpaka zinajaza pengo kati ya ncha mbili za mnyororo. Ukifungua yako, mnyororo unaachia. Ukirudisha, unaishikisha katikati ya wenzako wawili kama ulivyoikuta. Huombi mtu. Mmoja akisafiri, hakuna hata anayejua.

"Hakuna hata anayejua," mama akarudia, polepole. Kisha akaniuliza mbele ya watu wote, "Na mtu akikosa kutokea asubuhi kwa sababu ni mgonjwa, hizo kufuli zako zitajua?"

"Hapana, mami. Hazitajua."

Baadhi ya watu walitazama miguu yao, kwa sababu wengi wao waliwahi kuletewa uji na mama kwa kukosa tu kuonekana asubuhi. Lakini maji ni maji. Mwenyekiti alipouliza, mikono ilipanda mmoja baada ya mwingine, na wa mama ukawa wa mwisho. Aliuinua akiniangalia mimi. Niliumia sana. Nilikuwa sahihi na niliumia, na sijui ni lipi kati ya hayo lililoniudhi zaidi.

Jioni hiyo tulifunga kufuli. Kila nyumba ilileta ya kwake: ndogo za masanduku ya shule, kubwa za maduka, moja iliyokuwa na kutu hadi ikamiminiwa mafuta ya kupikia. Mama alileta ile ile yake ya shaba, akakataa katakata kununua mpya. Tulipomaliza, mnyororo ulikuwa umenona katikati, na watu wakajaribu mmoja mmoja, wakifungua na kufunga na kucheka. Baba wa kiwandani alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Bosi, nilipomwonyesha picha Jumatatu, aliitazama kwa muda, akasema, "Sasa hii mteja wetu atainunua aje?"

Kwa upande wa maji, mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Watu walichota alfajiri, walichota jioni, walichota mvua ikinyesha. Kwa upande wa mama, simu yangu ilianza kulia kila asubuhi kabla sijapiga mswaki.

"Umeamka?"

"Nimeamka, mami."

"Huko Ruiru kumenyesha?"

"Hakujanyesha."

"Huku pia hakujanyesha." Kisha nikasikia kuku nyuma yake. "Haya, nenda kazini."

Mwanzoni nilidhani ananichunguza kama ninaamka. Baadaye nikagundua kilichokosekana. Mama, ambaye alikuwa akiniambia hadi mbuzi wa nani amepiga chafya, hakuwa na habari ya mtu yeyote. Nilimuuliza hali ya mke wa mwenyekiti aliyekuwa na mimba kubwa. "Sijui," akasema, "sijamwona." Nikamuuliza kama mtoto wa nyumba ya pili amefaulu kupata shule. "Sijui." Nilikata simu nikaenda kazini, na hapo juu ya duka, mabati yakishushwa, nikalia kwenye kibodi. Bosi alidhani ni ripoti inanisumbua, akaniambia nichukue siku mbili zaidi.

Ripoti niliimaliza hivyo hivyo. Mteja alichagua mtandao wa kasi, kama nilivyojua angefanya, kwa sababu hakuna mteja anayependa kuambiwa asubiri. Mwishoni nilikuwa nimeongeza aya kuhusu jinsi mtu wa katikati, ambaye mitandao hii yote imebuniwa ili aondoke, wakati mwingine alikuwa anafanya kazi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Bosi alipiga mstari juu yake. "Hii ya mathee wako toa," akasema, kwa upole. Nikaitoa. Alikuwa na haki, mteja hakuwa ameuliza habari za mama yangu.

Wikendi iliyofuata nililala Kalimoni. Asubuhi ya Jumamosi, nikiwa bado kitandani, nilisikia mama akitoka nje na baada ya muda akirudi, halafu sufuria zikaanza. Niliamka nikachukua mtungi ili angalau apate mtu wa kumtuma. "Nenda, nenda," akasema bila kugeuka, akipepea moto.

Pale kwenye kibanda nilimkuta jirani amefika kabla yangu. Alikuwa amesimama mbele ya mlango, ufunguo wake mkononi, akiutazama mnyororo. Nami nikautazama. Kufuli ya shaba ya mama ilikuwa imeshika ncha moja ya mnyororo na ncha ya pili, yenyewe peke yake. Kufuli za watu wengine wote zilikuwa zimeachwa zikining'inia upande mmoja, zimeshikana vizuri kabisa na hazifungui kitu. Ungeweza kufungua yako siku nzima na mlango usisonge.

Mtu anaweza kukosea, hilo najua. Lakini mama yangu ndiye aliyewafundisha wengine jinsi ya kurudisha, alikuwa akiwapiga vidole wakikosea. Katika kazi yangu, mmoja anapowafungia nje wenzake wote namna hiyo, tunaliita jambo hilo shambulio. Nilihisi uso ukiwaka kwa aibu.

"Nisamehe," nilimwambia jirani. "Wacha nikimbie nikalete ufunguo, hata hakuna haja ya..."

Aliinua mkono ninyamaze. Alikuwa bado anaitazama ile kufuli. Barabarani watu walikuwa wameanza kuja, mwenyekiti na toroli yake, wanawake wawili na mitungi, baba wa kiwandani na taulo begani. Jirani aliwaangalia, akaiangalia kufuli, kisha akavua leso yake mabegani akaitundika juu ya mnyororo, taratibu, kama mtu anayeanika nguo.

"Imekwama," akawatangazia kabla hawajafika. "Hakuna anayeweza kufungua. Twendeni kwa mama."

Mwenyekiti alitaka kusogea ajaribu. Jirani akasimama katikati yake na mlango, na mwenyekiti akageuza toroli.

Tukaenda wote. Mama alikuwa barazani, aproni safi, mikono magotini. Juu ya meza kulikuwa na thamosi mbili na vikombe vyote vya nyumba ile, pamoja na vile vyenye maua ambavyo hutolewa akija mchungaji. Chini ya kitambaa nduma zilikuwa zinatoa mvuke, sufuria nzima. Aliona watu wakiingia langoni, na uso wake sitausahau. Kisha akaniona mimi, akageuka upesi akaanza kumimina chai.

"Ati imekwama?" akauliza.

"Imekwama," jirani akajibu.

Watu walitua mitungi kwenye nyasi. Mwenyekiti akaulizwa habari za mkewe, akasema amejifungua tangu Jumanne, msichana, na mama akashika kifua akasema na mbona sikuambiwa, na hapo hapo akaanza kupanga nani atapeleka uji na siku gani. Mimi nilisimama mlangoni na mtungi wangu mtupu, nisijue nicheke au nifanye nini. Jirani alivuta kiti kilichokuwa kando ya mama, akaketi, akapokea kikombe. Alikunywa kidogo, akaonja tena, akakunja uso.

"Jumamosi ijayo ikikwama," akamwambia mama, "utie tangawizi."